Mshipi wa Kilo Tatu Ziwani Nzilo

Madereva wa malori wa Kitanzania wanaijua barabara ya Kolwezi kuliko njia za vijijini kwao. Wanapakia Dar es Salaam, wanapita Tunduma na Nakonde, wanaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha wanaingia Katanga. Mmoja wao, jamaa yangu wa upande wa mama, ndiye aliyenipokea mpakani. Kwenye foleni, malori yanayotoka Kongo yalikuwa yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mafurushi machache tu kila tela, maana uzito wa shaba hauruhusu tela kujaa. Yanayoingia yalibeba salfa, chokaa na matangi ya asidi. Mimi nilikuwa na begi la nguo na mrija wa plastiki wenye fimbo mbili za kuvulia. Ofisa wa forodha aliufungua mrija, akachomoa fimbo moja, akaitikisa hewani, ikacheza kutoka mkononi mwake hadi ncha.

"Papa, na hii utavuta samaki gani?"

Nikamwambia makobo, wa ziwa Nzilo.

"Makobo ni ya kula na bukari," akasema, yaani ugali, akaifunika fimbo vizuri, akanigongea muhuri.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimekua nikivua sangara na sato, kwanza kwa mshipi wa mkono, baadaye kwa fimbo na rili. Rafiki yangu wa miaka mingi, fundi wa pampu aliyehamia Kolwezi kufuata kazi ya mgodini, alikuwa akiniandikia kwamba Jumapili wanashindana kuvua Nzilo kwa zana nyepesi, ndani ya boti na mitumbwi, na kwamba wavuvi wa vijiji vya kando ya ziwa wameingia mchezoni. Habari ya wavuvi ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mashindano ya uvuvi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya watu wenye boti za gharama, na wenye ziwa lao wakitazama kutoka ufukweni.

Kutoka Lubumbashi tulipita Likasi, tukakunja magharibi. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu ya Septemba, na vichuguu vya huku ni virefu kuliko nyumba. Kila baada ya mwendo kidogo kulikuwa na magunia ya makaa yamepangwa kando ya lami yakisubiri mnunuzi. Karibu na Fungurume jamaa yangu alininyooshea kidole vilima visivyo na miti, vyenye majani mafupi tu. Ardhi ya vilima hivyo ina shaba nyingi mno, mti wa kawaida hauivumilii, na wahunzi wa zamani walikuwa wakisoma uoto kujua pa kuchimba. Msiri aliyetawala Bunkeya katika karne ya 19 alifanya biashara ya shaba hiyo mpaka pwani zote mbili, na watu wake, Bayeke, asili yao ni Unyamwezi. Kwa Mtanzania hilo si jambo dogo. Tumekuwa tukiifuata shaba hii tangu enzi za miguu.

Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na asubuhi za kiangazi unahitaji koti. Mji ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ukaja kuwa wa kampuni ya serikali, Gécamines, na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Mashimo ya migodi yameuzunguka mji na mengine yameuingia. Katika mtaa wa Kasulo, kuanzia 2014, watu walichimba kobalti chini ya nyumba walizokuwa wakilala. Usiku wangu wa kwanza nilisikia magari ya migodi yakiunguruma mpaka alfajiri, na taa za viwanda zilififisha nyota.

Umeme wa taa hizo una uhusiano na ziwa nililokuja kulivua. Kaskazini ya mji, mto Lualaba unaingia katika korongo la Nzilo, na kutoka hapo unashuka kiasi cha mita 457 katika kilomita 72 kabla ya kutulia kwenye bonde la Upemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walilifunga korongo kwa bwawa, wakaliita Delcommune kwa jina la mvumbuzi wao, na maji yakarudi nyuma yakafunika mabonde na misitu mpaka likawa ziwa la karibu kilomita za mraba 280. Kituo chake kina uwezo wa megawati 108. Chini yake kuna Nseke, cha mwaka 1956. Mwaka 1982 ukaongezeka umeme wa mabwawa ya Inga, uliosafirishwa kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi hiyohiyo. Kwa hiyo ziwa lilizaliwa kwa sababu ya shaba. Samaki na wavuvi walilikuta likiwa tayari.

Jioni ya Jumamosi tulikaa barazani kwa rafiki yangu kuandaa zana. Sheria zao ni chache. Mshipi usizidi nguvu ya kilo tatu. Hakuna chambo hai, ni chambo bandia tu: kijiko cha chuma, kisamaki cha mti au plastiki. Ndoana moja, na jino lake limebanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana mdomo. Kila chombo kina watu wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa kijijini, na wanapangwa kwa kura. Anayekamata samaki hupambana naye peke yake. Hilo wamelichukua kwa IGFA, chama cha kimataifa cha wavuvi wa mchezo kilichoundwa mwaka 1939, ambacho kinasema samaki akishanasa hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuigusa fimbo. Samaki anawekwa juu ya ubao uliolowanishwa, anapimwa urefu kwa sentimita, anapigwa picha, anarudishwa. Samaki watano warefu kuliko wote ndio wanaojumlishwa.

Msomaji ambaye hajawahi kuvua kwa mshipi mwembamba anaweza kudhani kilo tatu maana yake ni kumvua samaki wa kilo tatu. Mambo hayaendi hivyo. Fundo peke yake hupunguza nguvu ya mshipi, na fundo lililokazwa likiwa kavu huuunguza, ndiyo maana unalitia mate kwanza. Samaki wa kilo moja akigeuka ghafla na kukimbilia kisiki anavuta kwa mshtuko unaozidi uzito wake mara kadhaa. Breki ya rili inalegezwa mpaka iachie kwenye robo au theluthi ya nguvu ya mshipi, na kazi iliyobaki ni ya fimbo, ambayo lazima ipinde na kumeza mshtuko, na ya mkono, ambao lazima ujue kuachia wakati moyo unataka kukaza. Mwenye mshipi mnene humburuza samaki. Mwenye mshipi wa kilo tatu inambidi ajue samaki yuko wapi, anaelekea wapi na anaogopa nini, na ajue hayo mapema. Kwangu utamu wote wa mchezo uko hapo, na sijapata kuona namna nyingine ya kuvua inayomfundisha mtu maji upesi hivyo.

Kura iliniangukia mzee mmoja mwembamba, mwenye mtumbwi wa mbao uliozibwa kwa lami. Wote walimwita Papa, nami nikamwita hivyo. Aliushika mshipi wangu kati ya vidole, akautazama dhidi ya mwanga.

"Papa, hii kamba ni kadogo sana. Makobo itaikata."

"Tukimvuta taratibu hataukata, Papa."

"Basi tutaenda na mayele," akasema, yaani kwa ujanja, akaingia nyuma na kasia.

Tulitoka kabla jua halijapanda, na ukungu mwepesi juu ya maji. Vyombo vilikuwa vya kila namna: boti ya faiba yenye injini ndogo ya mhandisi mmoja kutoka Afrika Kusini, boti ya bati, na mitumbwi. Injini zinaruhusiwa kukupeleka tu; ukifika unazima na kupiga kasia. Papa alinipeleka kwenye mkono wa ziwa ambako miti iliyozama mwaka bwawa lilipojaa bado inasimama, mingine ikitoa vichwa vyeusi juu ya maji, mingine ikiwa shubiri moja chini. Yeye aliijua yote. Alikuwa akitaja, bila kunyoosha kidole, mti ulioua wavu wake wa kwanza, na mti ambao mwanawe alipata juu yake kambare wa kushangaza.

Makobo ni wa ukoo mmoja na sato, ila ameumbwa kuwinda. Mdomo wake ni mpana, mwili mrefu, na dume ana madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la nyuma chini ya tumbo. Hakimbizi samaki wadogo kwenye maji ya wazi. Anajibanza kwenye kivuli cha kisiki au pembeni ya majani, halafu anaruka. Kwa hiyo unatupa kisamaki chako karibu na kisiki kiasi cha kutia hofu, unakiacha kizame kidogo, unakivuta hatua mbili, unakisimamisha. Wa kwanza alikipiga pale kiliposimama. Breki ililia. Papa hakungoja neno. Aligeuza mtumbwi kwa pigo moja la kasia, akaturudisha nyuma kwenye maji ya wazi, na samaki akajikuta anavutwa kutoka ubavuni mbali na kisiki chake. Nilishikilia fimbo juu, nikamwachia akimbie, nikarudisha mshipi alipochoka, nikamwachia tena. Alipofika ubavuni mwa mtumbwi alikuwa sentimita 38. Katika daftari aliandikwa kwa jina langu, ingawa kusema kweli alivuliwa kwa kasia.

Nilivua kando ya mzee huyo asubuhi nzima na nikatambua kwamba anasoma vitu nisivyoviona. Ndege aina ya mnandi akikaa juu ya mti na mabawa wazi, alisema hapo pameshavuliwa, tupite. Povu lililojipanga mstari lilimwambia upepo wa usiku ulisukuma wapi vidagaa. Wakati mmoja alinizuia nisitupe. "Ngoya kwanza. Angalia mayi inacheza." Nikangoja. Chini ya jani la yungiyungi maji yalitikisika mara moja, kidogo mno, na yeye akatikisa kichwa kuruhusu.

Yule tuliyemtoa hapo alikuwa jike. Papa alimtazama mdomo uliotuna chini ya kidevu, akaweka kiganja majini chini yake kabla sijamnyanyua.

"Iko na batoto mu kinywa. Hii hatupime. Hata mu wavu, minarudishaka."

Jike la makobo hutia mayai mdomoni baada ya kutaga na kuyalinda humo mpaka vifaranga viweze kuogelea, bila kula vizuri muda wote huo. Huyu alikipiga chambo changu pengine kwa hasira tu, kwa kulinda eneo lake. Nilitoa ndoana ndani ya maji bila kumnyanyua, na kwa sababu haikuwa na jino ilitoka mara moja. Vifaranga viwili vitatu vilichomoka, vikazunguka kichwa chake, vikarudi. Sheria za mashindano zingenipa alama kwa urefu wake. Papa alinipa sheria iliyotangulia zile, na nilifurahi kuitii.

Kuhusu kumrudisha samaki mbele ya mtu anayelisha watoto kwa samaki, nilikuwa na wasiwasi tangu Mwanza, na bado nadhani ni swali lenye uzito. Huku wamelijibu kwa namna inayoheshimu tumbo. Mwenye mtumbwi analipwa kwa asubuhi ile kiasi ambacho nyavu zake zingemwingizia. Samaki aliyeumia asiyeweza kupona ni wake. Kambare na sato wote ni wake, wakinasa. Makobo mzima anarudi majini, na mvuvi wa kijijini ndiye anayeamua kama ni mzima.

Karibu saa nne tulivuka mdomo wa kijito kinachotokea upande wa migodi. Maji yake yalikuwa na weupe wa maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, na mstari wa kukutana kwake na maji ya ziwa ulionekana wazi. Papa aliacha kupiga kasia.

"Mbele, hapa ilikuwa muzuri sana. Baba yangu alikuwa anavutia hapa. Sasa samaki hakuna."

Nilitupa mara kadhaa hata hivyo. Hakukuwa na mguso.

Mito ya Kolwezi imepimwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa maji na matope ya mito Luilu na Musonoi, na viwango vya shaba na kobalti vilivyokutwa humo vilikuwa vya juu mno. Upande wa Likasi, katika ziwa Tshangalele lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, utafiti uliotoka 2016 ulikuta kobalti nyingi ndani ya nyama ya samaki wenyewe, kiasi cha kutia shaka mlo wa watu wanaowala kila siku. Kazi hizo ni za thamani. Lakini mtafiti anakuja, anachota chupa zake, anaondoka. Hakuna aliyeandika jinsi mdomo wa kijito hiki ulivyokuwa baba yake Papa alipouvulia, kwa hiyo leo mzee akisema samaki wametoweka, mwenye mgodi anaweza kumjibu kwamba hayo ni maneno ya wazee.

Nililijua hilo kutoka kwetu. Katika Ghuba ya Mwanza kulikuwa na furu, samaki wadogo wa aina nyingi mno, wengi hawajawahi kupewa jina, na sangara aliyeletwa ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 alipoongezeka aliwafyeka. Tunayajua hayo kwa uhakika kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na wenzao wa Tanzania walikuwa wakikokota wavu ghubani na kuhesabu walichopata, mwaka baada ya mwaka, mpaka hesabu ikaporomoka mbele ya macho yao. Babu zangu waliliona jambo hilohilo. Kilicholipeleka duniani ni daftari.

Na Nzilo kuna daftari. Linashikwa na mama mmoja anayefanya kazi katika maabara ya mgodi, wote wanamwita Mama Labo, naye ni mvuvi mkali kuliko wengi wa wanaume pale. Kila samaki anayepimwa anaandikwa urefu, mahali alipokamatwa kwa jina la kijijini, saa, na kama alikuwa jike au dume. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, Mama Labo anashusha majini sahani nyeupe iliyofungwa kamba yenye alama, mpaka isionekane, na kuandika kina. Anapima joto la maji. Mahali ambapo watu walitupa wasipate kitu panaandikwa pia, na hilo ndilo lililonivutia zaidi, maana katika mashindano ya kawaida asiyepata hahesabiwi. Kule Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, wanashindana kuvua manda (tigerfish) tangu 1962, na mizani ya miaka yote hiyo, ukiisoma kwa mfuatano, ni historia ya ziwa lile. Kolwezi ina bahati kwamba mtu wa kushika kalamu alikuwapo mapema. Ninatamani kila ziwa la ukanda wa shaba lipate mashindano kama haya, pande zote za mpaka. Februari 2025 bwawa la taka za mgodi lilipasuka upande wa Zambia, asidi ikamwagika kuelekea mto Kafue, na samaki wakaelea wamekufa kwa umbali mrefu. Pale ambapo watu huandika walichovua wiki baada ya wiki, hasara ya namna hiyo inaweza kupewa namba.

Tulirejea ufukweni saa sita. Chini ya mwembe kulikuwa na bukari, sombe ya majani ya muhogo, na kambare aliyenaswa na boti ya bati. Walioshinda walikuwa kijana wa kijijini na dereva wa katapila, makobo watano wenye jumla ya sentimita 196, wote kutoka visiki vya upande wa mashariki. Zawadi ilikuwa rili mpya, nayo kwa utaratibu wao huenda kwa mwenzi wa kijijini. Kijana aliizungusha mpini wake mara nyingi akisikiliza mlio.

Mama Labo alisoma daftari kwa sauti, mahali kwa mahali, na alipofika kwenye kijito cha maji meupe akasoma sifuri yetu. Papa alikuwa amekaa pembeni akisikiliza.

"Na hiyo kitabu, nani atasoma?"

Mama Labo alimjibu kwa heshima, kwa kirefu. Alisema nakala inakwenda kwa chifu wa kijiji, nyingine kwa mwalimu wa chuo kikuu Lubumbashi, na yeye anabaki na ya tatu nyumbani. Papa akafikiri. Kisha akatoa masharti mawili. La kwanza, mvua zikianza na majike yakibeba watoto, mchezo usimame, kama Wazambia wanavyofunga uvuvi kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari. Likakubaliwa bila ubishi.

La pili lilichukua muda. Alitaka kwenye daftari iongezwe safu ya nyavu za wanakijiji, kila siku ya kazi, kwa sababu makobo watano wa Jumapili hawawezi kusema habari yote ya ziwa. Mhandisi akauliza wataandikaje, kwa idadi ya samaki au kwa kilo. Kijana mshindi akasema kwa idadi. Papa akasema kwa beseni, maana akina mama wanaokuja kununua kutoka Kolwezi hawahesabu vichwa, na beseni lao analijua kila mtu. Mama Labo akachora mstari mpya kwenye ukurasa, akaandika juu yake, mabeseni.